Sebule ya Rangi ya Yai

Jumatatu, 4 Machi

Mayai matatu. Mawili ya kijani, moja la buluu. La buluu ni la yule kuku mwenye manyoya kama ndevu kidevuni. Mume wangu kala mkate mtupu tena. Eti yai la buluu ni ugonjwa. Fundi rangi mzima, anarudi kutoka kazini na rangi hadi kwenye nyusi — lakini yai likiwa na rangi, ugonjwa.

Jumatano, 6 Machi

Mwalimu mkuu mstaafu, mteja anayempakia rangi sebule, alipita kuuliza kazi itaisha lini. Akaliona yai la buluu mezani. Akalishika, akaligeuzageuza. Akasema rangi anayoitaka ndiyo hii. Mume wangu akacheka. Mwalimu hakucheka. Kaondoka na yai letu. Kuta mbili za kijivu zilizokwisha kupakwa — zirudiwe.

Ijumaa, 8 Machi

Ndoo sita kachanganya, zote zimekataliwa. Mwalimu anaweka yai ukutani, anafumba jicho moja: hii imechangamka mno. Ile ina huzuni.

Mume wangu kamuuliza kwa nini lazima rangi hii. Marehemu mkewe alikuwa na gauni la hivi, kasema. Alizikwa nalo.

Baada ya hapo nani atabisha?

Jumapili, 10 Machi

Balaa. Mwalimu kalikalia yai, likapondeka. Yeye mwenyewe, kwenye kochi lake.

Anataka jingine kama lile, na mwenye ndevu hajataga tangu juzi. Mume wangu akasema nimemuudhi kuku. Nikamuuliza ni nani anayemchungulia kila nusu saa. Tukanuniana hadi chakula cha mchana. Halafu akaja jikoni, taratibu, kuniomba nimfundishe kumshika kuku. Mikono kaificha mgongoni. Kumbe anawaogopa! Aliwahi kudonolewa na jogoo akiwa mdogo. Miaka kumi na tisa ya ndoa, ndiyo naambiwa leo.

Sikucheka. Nilikwenda kucheka bafuni.

Jumanne, 12 Machi

Naandikia magotini, sebuleni kwa Mwalimu. Wazo ni lake: kuku aletwe, apazoee, atatulia, atataga. Mume wangu ndiye aliyembeba, njia nzima, kifuani.

Kuku kazunguka zulia, kapanda kochi, kajikunja kwenye mto. Tukakaa watu wazima watatu tukimtazama, hakuna anayekohoa. Saa nzima. Akainuka — yai. La buluu.

Mwalimu hakuligusa. Akamgeukia kuku, akaomba tumwachie, hata wiki moja tu. Nyumba ina kimya sana, kasema.

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akajibu, "Hapana, Mwalimu. Huyu ni wetu."

Wetu!

Mwalimu akafikiri kidogo. "Basi ngojeni nichukue mswaki."

Kaingia chumbani. Namsikia anafungua kabati, anavuta sanduku. Mume wangu ananitazama, kuku kampakata, ananong'ona kuuliza kama kile chumba chetu cha nyuma kina kitanda au hakina.