Selfu ya Mama

Jumanne, 3 Agosti 1993

Saruji imefika. Basi la Dar limeishusha stendi mchana, mifuko sita, pamoja na boksi la marumaru. Boksi nimelibeba mwenyewe kichwani mpaka nyumbani kama mjinga, eti nisije nikavunjiwa. Mdogo wangu Anold katuma na barua. Anasema siku hizi kila kitu kinapatikana Kariakoo, ni kuchagua tu, si kama enzi zile za kupanga foleni ya sabuni. Choo cha kukaa ataleta dereva wa lori.

Kachora na ramani, kwa kalamu na rula. Chini kaandika kwa herufi kubwa: HAKIKISHA IWE SELFU.

Nikaenda kwa Hamdani mwenye duka la vifaa kumuuliza selfu ndiyo nini. Alicheka mpaka akakaa. Kumbe ni bafu lenye mlango wa chumbani. Unatoka kitandani unaingia kuoga bila kuonana na jua.

Basi sawa. Tangu Mama ateleze mwezi wa tatu kwenye yale mawe ya njia ya choo, nyonga yake haijakaa vizuri. Kila asubuhi namshika mkono kwenda na kurudi. Ana miaka sabini na tatu. Selfu itamfaa. Fundi simtafuti – tangu nipunguzwe kazi ofisi ya mkonge, muda ninao na mikono ninayo.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimetoboa ukuta wa chumba cha Mama kupata mlango wa kuingia kijichumba cha pembeni, ndicho kitakuwa bafu. Tofali za marehemu baba ni ngumu kama alivyokuwa mwenyewe.

Sakafu imenishinda. Pima maji sina, Hamdani kanifundisha kutumia chupa ya soda: ijaze maji karibu yote, ilaze juu ya ubao, kiputo kikikaa katikati ujue pako sawa. Juzi nikasawazisha zege vizuri sana. Vizuri mno! Leo nimemwaga ndoo kujaribu, maji hayaendi popote, yamekaa katikati yananitazama. Nilisahau kwamba sakafu ya bafu haitakiwi kuwa sawa, inatakiwa ilalie kwenye tundu. Kesho navunja.

Mama kanitazama toka kitandani, kasema baba yako naye alikuwa hivyo, anajenga kitu mara mbili. Nilifurahi kusikia.

Jumapili, 8 Agosti

Shimo la maji machafu. Ramani ya Anold inasema futi kumi na mbili kwenda chini, upana nane. Na ardhi hii ni mawe matupu. Peke yangu nitalimaliza Krismasi.

Baada ya ibada nimemwendea Mzee Sebastiani, mzee wetu wa kanisa, kuomba msaragambo. Akaniuliza mbele ya watu, kama utaratibu ulivyo: ni wa nini? Maana watu wanatoa nguvu zao bure kwa shule, kwa barabara, kufukua ndiva, yaani bwawa la kumwagilia mashamba, kumsaidia mjane au mgonjwa. Si kwa mtu kujitajirisha. Mwenye duka mmoja aliomba wamchimbie msingi wa stoo, wakamwambia akodi vibarua.

Nikasema ni wa Mama, asihangaike tena nje. Wengine waliitika kabla sijamaliza. Watakuja Jumamosi.

Jumamosi, 14 Agosti

Thelathini na mmoja! Wengine wameshuka toka Vudee milimani, majembe begani, kwa ajili ya Mama waliyeimba naye kwaya zamani. Nimepika makande sufuria mbili na hazikutosha.

Saa sita wakafika kwenye mwamba, wakawa wanapokezana sururu. Jirani yangu Hedwiga, vumbi mpaka kwenye nyusi, akauliza hili shimo ni la bibi mmoja au la shule ya bweni. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nikasema mdogo wangu anapenda vitu vikubwa, ndivyo walivyo watu wa Dar.

Mzee Sebastiani hapishani sana na Mama kwa umri, lakini aliingia shimoni kama wenzake. Tumelifunika kwa mbao na mabati kwa sasa. Watarudi tarehe 28 kumwaga zege la mfuniko.

Jumatano, 18 Agosti

Lipu imepasuka. Nyufa kila mahali. Hamdani anasema saruji inamwagiliwa wiki nzima, kama mchicha. Maji gani? Bomba la mtaani limetoa siku mbili tu wiki hii, nikachagua tunywe.

Na marumaru nne zimedondoka, moja mguuni kwangu. Kumbe zinalowekwa kwanza kwenye ndoo. Kwa nini watu hawasemi mapema?

Ijumaa, 20 Agosti

Choo kimefika kizima. Nimekifunga. Kinanuka! Nimekosea lile goti la bomba, ambalo linatakiwa kubaki na maji ya kuzuia harufu, mimi nimeliweka kichwa chini. Nimefungua, nimefunga upya. Halafu koki ikavuja. Nimezungushia katani, ikanyamaza. Miaka kumi na tisa nilipiga taipu barua za kuuza katani, leo ndiyo imenifaa.

Dereva kaleta na ujumbe wa Anold: niache matundu mengine manne ya bomba ukutani, ya baadaye. Nimeyatoboa.

Jumatatu, 23 Agosti

Mama ameoga. Peke yake! Nimesimama nje ya mlango nasikia maji yanavyokwenda kwenye tundu, na yeye anaimba. Alipotoka akakaa kitandani, akanitazama muda mrefu, akaanza kulia. Ni furaha hiyo. Nami nimelia.

Jumatano, 25 Agosti

Amekuja binti mmoja toka Hedaru, anaitwa Stumai, na begi na shuka mbili mpya kwapani. Kaniamkia vizuri. Anasema kaka Anold kamwambia aje atazame mahali pa kazi. Alikuwa mhudumu kwenye gesti kule Hedaru, anajua kutandika na kupokea wageni wa malori.

Nikamwambia mwanangu umepotea, hapa si gesti. Akatoa karatasi. Mwandiko wa Anold, naujua, mimi ndiye niliyemfundisha kuandika. Vyumba vitano, kaandika. Kimoja selfu tayari, vinne vinafuata.

Nikamwonyesha bafu, hata sijui kwa nini. Akafungua koki, akaifunga, akasema wageni watalipenda. Akauliza fundi ametoka wapi.

Alhamisi, 26 Agosti

Sikulala. Sijamwambia Mama, moyo wake hautaweza.

Futi kumi na mbili. Nimewachimbisha watu wa kanisa shimo la gesti.

Ijumaa, 27 Agosti

Anold amefika saa nne asubuhi, na pikapu ya rafiki yake. Nyuma kuna kibao kimefunikwa gunia. Shikamoo dada, kama kawaida yake. Sikuitikia. Nikamuuliza.

Hakukana hata kidogo. Anasema nchi imefunguka, anayelala anaachwa. Nyumba iko hatua chache toka barabara kuu, watu wawili kukaa vyumba vitano ni hasara. Mama atakwenda kuishi naye Dar. Mimi nitapewa ile stoo ya uani, niwe msimamizi. Kasema "msimamizi" mara tatu, kama mtu anayembembeleza mtoto kwa pipi.

Nikamwambia Mama hawezi kukubali nyumba ya baba iwe gesti. Akatazama mlango wa chumba cha Mama.

Nikaingia kwake. Mama kaongea kwa Kipare, maana mambo mazito hayasemwi kwa Kiswahili. Anasema aliweka dole gumba kwenye hati ya nyumba mwezi wa sita. Nyumba ni ya mtoto wa kiume, na baba alijua hivyo. Na Anold ameahidi kumtafutia daktari wa nyonga hukohuko Dar. Nikamuuliza kwa nini hamkuniambia. Alikuwa anakunja kanga yake, anaikunjua, anaikunja.

Tungekwambia, kasema, ungejenga?

Anold naweza kumchukia, hiyo ni rahisi na nimeshaanza. Lakini Mama! Nimemshika mkono kila asubuhi kwenda chooni na kurudi, ameniegemea na uzito wake wote, na alikuwa anajua. Wamenisaliti wote wawili, na yeye ndiye anayeniuma.

Jumamosi, 28 Agosti

Wamekuja. Naandika nimejifungia bafuni, ndiyo mlango pekee wenye komeo. Dirishani nawaona. Leo wamezidi hata siku ile. Kila mmoja kaja na ndoo ya maji toka kwake, maana wanajua bomba letu halitoi maji. Wamezipanga chini ya ukuta. Hedwiga kaleta mbili.

Anold kanigongea mapema. Anasema nisifungue mdomo mpaka mfuniko umwagwe, mengine atayamaliza mwenyewe taratibu, atawanunulia soda. Mama naye kaniambia nisimwaibishe mbele ya wenzake. Sasa hivi yuko nje kwenye kiti, anasalimiana nao. Wanamuuliza bafu likoje. Anawaambia ni zuri, kajenga binti yake.

Nikitoka kufanya kazi nao, nawadanganya mara ya pili, na safari hii kwa kujua. Nikisema, Mama hatainua uso tena kanisani, na Jumatatu hata hiyo stoo ya uani sina.

Mzee Sebastiani amekuja chini ya dirisha. Kaniuliza taratibu kama naumwa. Nimesema hapana. Kasema mchanga uko tayari, kokoto ziko tayari, watu wameshajipanga mstari wa kupokezana ndoo. Anauliza mfuko mmoja wa saruji unakwenda na mchanga ndoo ngapi.

Wengine walitaka kuanza, anasema, lakini yeye kawazuia. Hawagusi kitu mpaka nitoke niwaambie, maana fundi ni mimi.