Shavu la Chazanda

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Maretadu tu wazima, maharage yametoka vizuri na babu yako bado mbishi. Shangazi yako ananiandikia haya. Nimemwambia asipunguze neno.

Unasema utaacha chuo cha uvuvi huko Tanga kwa kuwa samaki wanakuchanganya na wenzako wanakucheka. Acha upuuzi, mama.

Nilipokuwa binti nilipata kazi Katesh, kwenye hoteli ya Mama Zuhura, wakati biashara huria imeruhusiwa na samaki wa baharini wameanza kuletwa kwenye barafu. Kwetu samaki hakuliwa. Mama Zuhura akaniambia nitenge samaki wa aina mbili, changu na chazanda. Nikishindwa, nirudi nyumbani. Nikawatenga kwa rangi, kama tunavyotenga ng'ombe. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Binti, barafu imewapausha wote. Hapa unachunga nini?"

Nikamjibu, "Cheka umalize, halafu unionyeshe."

Akanishika kidole gumba, akakipitisha kwenye mashavu ya samaki, mmoja baada ya mwingine. Shavu la changu ni laini, halina magamba. La chazanda linayo. Nikafumba macho, nikatenga sanduku zima bila kukosea, naye akanivalisha aproni. Kumla samaki sijamla mpaka leo, lakini kumjua namjua.

Kesho nyoosha mkono darasani uulize, na wacheke. Ukiacha chuo nitakuja Tanga mwenyewe, na unajua basi linavyonitapisha.

Bibi yako anayekupenda