Maksai Amegeuka Mlangoni mwa Meli, Mjomba Anataka Nimwite

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, kwa sababu jana mchana daktari wa mifugo wa bandari alitutangazia kwamba meli iliyoahirishwa juzi itapakia ng'ombe Alhamisi, na anayesubiriwa kumpandisha ng'ombe wa kwanza ni mimi.

Ninamtunza maksai mwekundu ambaye wapakiaji wanamwita Mwenyekiti. Yeye hasafirishwi, kazi yake ni kutangulia kwenye daraja la kupandia melini ili ng'ombe wageni wamfuate bila woga, kisha namtoa kwa mlango wa pembeni tunarudi zizini, na tangu nimlee kwa chupa hajawahi kunikatalia. Juzi alipanda vizuri hadi mlangoni, akaingiza pua ndani, akavuta pumzi ndefu, akasimama. Wapakiaji wakacheka, mmoja akapiga kelele, "Jamani, Mwenyekiti kaahirisha kikao!" Halafu akageuka, mshauri, juu ya daraja lililojaa ng'ombe, nami nikafumba macho nikijua watakanyagana, lakini nilipofumbua walikuwa wamejibana ubavuni wanampisha, kisha wakageuka mmoja baada ya mwingine wakamfuata chini, hakuna aliyesukuma, hakuna aliyelia, ni kwato tu kwenye mbao, na wale wanaume waliokuwa wakicheka nikawaona wamevua kofia. Nilikaa chini hapohapo.

Msimamizi wetu ni mjomba wangu, kaka yake mama, na ndiye aliyenitafutia kazi. Alinifuata zizini akasema, "Mama, usinitie aibu. Wewe mwite tu, sauti yako anaijua." Nikamuuliza, "Kwani mle ndani kuna nini, mjomba?" Akajibu, "Kuna nafasi." Na ni kweli nikimwita atapanda, hilo ndilo linaloninyima raha, kwa maana wote watamfuata, na nikikataa, zitaletwa fimbo za umeme na tajiri mwenye ng'ombe atatufukuza mimi na mjomba. Nimefikiria Alhamisi niseme naumwa. Nifanyeje?

Mlezi wa Maksai

JIBU

Mlezi, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Miaka yote najibu habari za mawifi na wanaume wasiorudi nyumbani. Mnyama kugeuza kundi zima darajani bila hata mmoja kuumia, hilo sina maneno yake, na sitajifanya ninayo.

Ya kukuambia wewe ninayo. Ugonjwa wa uongo, hapana. Ukijifunika shuka, ng'ombe watapandishwa kwa umeme na hapatakuwa na mtu wa kusema "basi". Halafu unashangaa maksai alinusa nini, wakati una miguu na mlango uko wazi. Mbona hukuingia? Huenda ni harufu ya rangi mpya. Huenda ni hewa itakayowaua njiani. Sijui mimi, hujui wewe, na daktari wenu wa bandari, niliyempigia simu, amekiri kwamba sitaha ya chini hajashuka. Mpaka sasa ana maneno ya nahodha tu.

Basi ingia. Waambie mabaharia wafunge milango kama itakavyofungwa baharini, kisha simama pale chini kabisa. Angalia kama feni zote zinazunguka. Fungulia maji uone yanafika mpaka hori la mwisho. Ukipumua bila kukohoa na macho hayachomi, mwite Mwenyekiti na usijilaumu. Vinginevyo usimwite, na umweleze daktari ulichokiona, papo hapo.

Mjomba mwambie leo, nyumbani kwake, mkewe akiwapo. Usisubiri mbele ya wapakiaji, utamlazimisha kujifanya dume. Mwambie utakwenda kuangalia kwanza, na umwombe mwende wote. Kazi mnaweza kuipoteza, sikufichi. Lakini imani aliyokupa yule mnyama huwezi kumwazima tajiri bila kujua anaipeleka wapi.

Daktari anasema mlezi yeyote wa zizi anaruhusiwa kuingia naye. Ukaguzi wake wa meli ni Jumatano, saa tatu asubuhi, geti la pili.