Kwa Mwalimu Nasor bin Salem, Mtafuta Karatasi wa Kariakoo

Shaabani imerudi, Mwalimu, na mwaka umetimia tangu kichomi kilipokuondoa kwetu, ukaiacha chaki yako katika mfuko wa kanzu. Bado ipo humo. Kanzu nimeifua mara mbili, na mara zote mbili nimeitoa chaki, nikaianika kanzu, nikairudisha chaki mahali pake. Usinicheke.

Anayeandika maneno haya ni Mwalimu Wilbert, mwenzako wa shuleni. Mimi mkeo Kuruthumu nasema, yeye anaandika, na kila nikitoa neno kali anainua kalamu na kunitazama. Nimemwambia aandike tu, wewe ulikwisha kuuzoea ulimi wangu.

Ulikuwa mpole kupita kiasi. Baba yako alikutaka dukani, ukuze biashara ya nguo kama nduguzo, wewe ukasema unakwenda kufundisha watoto. Mzee alinuna mwaka mzima, na kila Ijumaa ulikwenda kumwamkia vilevile, mpaka akachoka yeye kununa. Hukuweza kumpita mtu bila kumjulia hali. Nikikutuma sokoni asubuhi, mboga zinafika zimenyauka.

Na hizo karatasi zako, Mungu akurehemu! Bwana Harshad wa dukani hufunga bizari na chumvi kwa karatasi kuukuu anazonunua kwa mafungu. Wewe ulikuwa unafungua kifurushi kabla hata sijawasha moto, unainyoosha karatasi juu ya goti, bizari yote iko mkekani. Siku moja Bwana Harshad akakuuliza mbele ya watu, "Mwalimu, wewe nataka bizari au nataka karatasi?" Ukamjibu, "Nataka karatasi, Bwana Harshad. Bizari ni ya kumtuliza mke wangu." Watu wakacheka, na habari ikanifikia kabla yako.

Nilikuona mwenda wazimu mpaka uliponieleza. Darasa lako lilikuwa na kitabu kimoja tu cha habari za kale, nacho kinasimulia wafalme wa mbali. Ukakifunga, ukawaambia watoto habari za mtaa wao wenyewe, kwamba hapa wanapocheza ndipo palipokuwa kambi ya wapagazi wa vita, waliobeba mizigo ya Waingereza, na jina la Kariakoo limetokana na jina lao la Kiingereza. Mtoto mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, umejuaje?"

Ulirudi nyumbani huna raha. Chakula hukugusa. "Kuruthumu," ukasema, "nimeambiwa tu, na mimi nimewaambia. Sina hata karatasi moja ya kuwaonyesha."

Ndipo ukaanza kutafuta. Ulipata stakabadhi ya kodi ya wakati wa Wajerumani. Ulipata mwaliko wa harusi wenye doa la samli. Kila ulichopata ulikipeleka darasani, na watoto wakakiuliza maswali matatu uliyowafundisha: Nani kakuandika? Kamwandikia nani? Alitaka nini? Ulipata hata orodha ya bwana mkubwa mmoja wa jeshi, imehesabu masanduku, nyumbu na watu, na nyumbu wana majina lakini watu hawana. Siku ile ulikasirika, wewe usiyekasirika. Ukasema, "Karatasi za waliobebesha ziko tele. Ya aliyebeba sijaiona hata moja."

Na baba yangu Kondo alikuwa mmoja wao. Alichukuliwa nikiwa na miaka sita, hakurudi. Kilichorudi ni hirizi ya ngozi. Aliileta mwenzake aliyekuwa taabani kwa homa, akamkabidhi mama, akasema, "Imetoka kwa Kondo, mtunzieni," na kesho yake akafa. Mama akanivisha. Surua ilipopita mtaani ikaua watoto wa jirani, mimi nikapona, na tangu hapo nani angethubutu kunivua?

Wewe uliitazama mwezi wa kwanza wa ndoa yetu. Ukasema, "Mke wangu, mshono huu si wa mtu wa hirizi. Huu ni uzi wa gunia, umeshonwa kwa shazia, sindano ya magunia. Nadhani ndani mna barua. Tufungue?" Nikakujibu, "Na mishono nayo umeanza kuisoma? Hirizi haifunguliwi."

Mara ya pili ilikuwa mbaya. Tulikuwa tumemzika mwanetu wa kwanza, ambaye sikuwahi kumvisha hirizi, nikijilaumu. Binti yetu Badriya alipozaliwa nikaitoa shingoni mwangu nikamvisha yeye siku hiyohiyo. Baadaye ukaniuliza tena, taratibu, kwa ajili ya darasa lako. Nilikupigia kelele mpaka wifi Azza akaja mbio kutoka uani. Nilikuambia unataka kumuua mwanangu kwa ajili ya karatasi. Ni neno baya, Mwalimu. Mwalimu Wilbert hapa amesita, nami nimemwambia aliandike hivyohivyo.

Ungeweza kuifungua wakati wowote. Mtoto alilala kifuani mwako kila mchana, na wembe ulikuwa pale kwenye sanduku. Hukugusa hata uzi mmoja.

Kichomi kilipokubana, mimi mwenyewe niliitoa kwa Badriya nikakufunga mkononi. Uliipapasa kwa kidole, mshono kwa mshono, ukatabasamu. Nikangoja uniulize mara ya tatu. Ningekukubalia, Wallahi. Ukasema tu, "Ahsante, Kuruthumu." Waliokuosha ndio walioivua mkononi mwako wakanirudishia.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, hirizi iko mbele yangu juu ya mkeka, na nilikuwa nimeikasirikia vibaya sana. Nilipotoka edani nilichukua wembe wako nikaukata ule uzi. Ndani mlikuwa na karatasi moja, imekunjwa mara nane, imejaa herufi za Kiarabu. Nikamwita wifi Azza aje anisomee, tukidhani ni dua. Akasoma mstari wa kwanza, akaniangalia, akaketi chini.

Ilikuwa barua ya baba yangu, kwa Kiswahili chetu. Alimwandikia mama kwa mkono wa rafiki yake. Alisema yu mzima, ila mabega. Alisema wanabeba masanduku na hawaambiwi mna nini ndani. Alisema Rufiji mvua haikatiki, ndiyo maana ataishona barua katika kipande cha ngozi ya kiatu cha mwenzao aliyekufa, isilowe. Na mwisho: "Siku niliyotoka nilisahau kumuuliza Kuruthumu nimletee nini. Muulizeni, mnijibu. Hata neno moja."

Miaka kumi na tisa, Mwalimu. Aliniuliza, na swali lake nimelivaa shingoni nikioga nalo, nikilala nalo, nikiolewa nalo.

Niliipeleka barua shuleni mwenyewe, na buibui langu, nikasimama mbele ya watoto wako. Mwalimu Wilbert akawasomea maneno kama Azza alivyoyatoa kwa herufi za Kizungu, kisha akawaambia waiulize. Nani kakuandika? Wakajibu. Kamwandikia nani? Wakajibu. Alitaka nini? Akasimama yule aliyekuuliza "umejuaje," akasema, "Alitaka jibu, Mwalimu." Walinipa kiti chako.

Watoto wale wakachukua karatasi wakamwandikia baba yangu, kila mmoja na lake. Mmoja amemwambia mtaa umejaa nyumba sasa na jina bado ni lao. Mwingine kamuuliza mabega yamepona? Nimezitia zote katika sanduku lako, pamoja na barua yake. Badriya anavaa ile ngozi tupu, na hajambo kabisa.

Tunaokukumbuka ni baba yako Salem bin Hamud, anayeulizia darasa lako kila Ijumaa. Dada yako Azza. Binti yako Badriya. Mwalimu Wilbert na wanafunzi wako. Na Bwana Harshad, ambaye siku hizi hafungi kitu kabla hajaitazama karatasi, wateja wananung'unika.

Na mimi mkeo. Baba nimemjibu: sikutaka kitu, nilitaka arudi. Wewe uliniuliza mara mbili, na ya tatu ukanionea huruma. Jibu lako ni hili, mume wangu: fungua.

Hatukukusahau mwaka huu, wala hatutakusahau daima.