Kopo la Rangi Mbili

Usagara,
14 Juni 1994

Kaka Luhende,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Hellen na watoto hamjambo. Mimi siumwi, ila naandika kwa haraka, nisamehe mwandiko. Mama anaendeleaje na kifua? Usimpe dawa tena hadi umalize kusoma.

Unajua watu wanavyonunua dukani kwangu. Anaumwa kifua, anataka vidonge vya rangi mbili. Ana kidonda, rangi mbili. Nilipofungua duka nilikuwa nauliza rangi mbili ipi, nyekundu na njano au nyekundu na nyeusi, wakanicheka kwamba nauza dawa na dawa yenyewe siijui. Nikaacha kuuliza.

Jana alikuja Masalu, yule fundi seremala aliyekatwa na msumeno. Alikuwa amepasua rangi mbili na kunyunyizia unga wake kwenye kidonda, kama wafanyavyo wengi. Akafungua kitambaa, akaniuliza tangu lini nauza ugali. Unga ulikuwa umevimba na kuganda, unanuka muhogo. Chini yake usaha.

Akaondoka kwenda hospitali. Nilifunga mlango, nikapasua kumi kwenye maji ya moto. Saba zikawa uji.

Venant, yule mchuuzi wa dawa wa mjini, ndiye aliyeniuzia kopo hilo. Nimemtafuta mjini, chumba amehama. Amenimaliza yule mtu, kaka, miaka sita ya jasho langu. Lakini sitamtupia yote. Kopo lilikuja bila boksi, halina jina la kiwanda wala tarehe. Niliona. Nikajiambia wateja wanaangalia rangi, na rangi zipo.

Vidonge vya mama nilivitoa kwenye kopo hilo. Nilikupa arobaini, viwili mara nne kwa siku. Kama mmefuata nilivyoandika, ameshameza ishirini na vinne, na siku tatu hizi huenda hajatibiwa kitu. Mpeleke hospitali leo, usisubiri nafuu. Vilivyobaki mpe daktari avione, umwambie vilitoka kwangu. Usinifiche.

Barua anakuletea Abubakary kwa kivuko cha kwanza cha Kamanga. Mimi nazunguka nyumba kwa nyumba: nawakumbuka watu kumi na tisa walionunua, na mmoja ana mtoto mchanga. Nikimaliza navuka.

Mama akiuliza kwa nini dawa imekatishwa, mwambie ukweli. Akikataa kuniona, nitakaa nje.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mdogo wako,
Modesta