Maji Yaliyochemka Bila Moto

Dada yangu mpenzi,

Sisi wazima, paka amezaa tena, na jirani wa tarumbeta amehama, shukrani. Barua yako nimeipata, ile ya "mjomba gani humpa mpwa wake sifuri?"

Mjomba huyu.

Jumanne gesi ilikwisha maabarani kabla hatujawasha hata jiko moja. Nikawaambia wanafunzi wangoje, nikaenda kuhangaikia mtungi. Niliporudi mikono mitupu, ripoti zao zote zilikuwa mezani: maji yamechemka, digrii mia kamili. Maji yenyewe nikayatia kidole, baridi! Binti yako kaongeza kwamba mvuke ulimchoma kidole.

"Kidole kipi?" nikamuuliza.

"Lakini mjomba, si wote tumeandika hivyo?"

Nimewapa wote sifuri, yeye wa kwanza. Sasa ninuniwe. Huyu anasomea udaktari, dada! Siku moja atampima mgonjwa homa bila kumgusa, aandike "hajambo", na kitandani huenda umelala wewe.

Gesi imefika. Aje Ijumaa na wenzake wachemshe upya, waandike wanachokiona. Kidole nitakikagua mwenyewe.

Akupendaye hata ukinuna,
Kaka yako