Nzuri Sana, Afande

Butiama, 14 Januari 2024

Mwanangu Matrida,

Pokea salamu. Sisi huku wazima: mimi mzima, mama yako mzima, ng'ombe wazima. Naandika badala ya kupiga kwa sababu simu ya mama yako inaongea kwa spika, na jambo hili silitaki jikoni.

Jibu la bodi ya fidia kuhusu madai ya mgongo limekuja. Wamekataa. Nakunakilia neno kwa neno: "Mdai aliingia akitembea, akasimama wima. Alipoulizwa hali yake alijibu: nzuri sana. Hakuna ulemavu uliothibitika."

Sasa fikiria. Daktari wao ni kijana, ningeweza kumzaa mara mbili, lakini begani ana cheo cha meja. Mbele ya meja utakaa? Nikasimama. Akaniuliza, "Hali yako, mzee?" Nikajibu, "Nzuri sana, afande." Ulitaka niseme mbaya, hata salamu hatujamaliza? Kumbe mwenzangu alishaanza kuandika.

Yule daktari wa mifupa wa Mwanza alisema diski imetoka na inabana mshipa wa mguu wa kushoto. Nisipopasuliwa mwaka huu mguu utakufa. Serikali itagharamia upasuaji endapo tu watakubali kwamba niliumia kazini. Rufaa ni ndani ya siku sitini. Mimi naona tuache. Wa kulia bado upo.

Baba yako,
Sajini Kasmiri (mstaafu)

Nyakato, Musoma, 19 Januari 2024

Baba, shikamoo.

Mimi na watoto hatujambo. Nilitaka kukuuliza hali yako nikaona nitapata jibu lile lile la meja.

Hatuachi. Hapa dukani nachapia watu barua za rufaa kila siku, za viwanja, za mirathi, hata ya mtu aliyenyimwa leseni. Ya baba yangu ndiyo itanishinda? Tatizo ni kwamba jalada lako la zahanati ya kambi halionekani. Tunahitaji karatasi yoyote ya mwaka 1991 inayoonyesha uliumia siku sanduku la risasi lilipokuangukia mkipakua lori. Ulikuwaga unamwandikia mama kutoka kambini. Barua hizo ziko wapi?

Mwanao,
Matrida

Butiama, 27 Januari 2024

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na sisi tunazirudisha zikiwa nzima.

Barua ziko saba. Mama yako huzitunzaga kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na cheti cha ndoa na risiti ya baiskeli iliyoibwa. Nimemwambia unazitaka kwa ajili ya stempu. Alinitazama tu. Edwin wa bodaboda atazifikisha. Usizisome kwa sauti mbele ya watoto; nilikuwa kijana.

Baba yako,
Sajini Kasmiri

Nyakato, 11 Februari 2024

Baba, shikamoo. Huku kwema.

Nimezisoma. Zote saba zinaanza, "Mimi ni mzima wa afya kama chuma." Bodi ingezipenda sana. Nilitaka kulia pale pale, mteja anasubiri fotokopi yake.

Lakini ya Juni 1991 ina maneno huku chini: "Usishangae mwandiko, naandika nimelala kifudifudi. Wametupa magodoro mapya na mimi nimepewa wiki tatu za kulifaidi langu."

Baba. Ni jeshi gani linampa askari wiki tatu za kufaidi godoro? Nimeiambatisha. Rufaa itasikilizwa Bunda tarehe 6 Machi. Nenda na mama, na begi abebe yeye. Wakikuuliza hali, usiwajibu kama salamu.

Mwanao,
Matrida

Butiama, 8 Machi 2024

Mwanangu,

Bunda tulifika na tumerudi.

Mwenyekiti ni mama mtu mzima, mpole. Akaniuliza habari za safari. Nikanyamaza mpaka karani akadhani sisikii. Mwisho nikasema, "Safari ilikuwa mbaya, mheshimiwa. Kuanzia Butiama mpaka kwenye kiti hiki." Nilijisikia kama nimemtukana. Akaandika.

Kisha akanipa ile ya Juni niisome kwa sauti, na mama yako amekaa nyuma yangu. Wewe huwezi kujua, ulikuwa tumboni: barua ile alinijibu kwa ukali, kwamba yeye analima peke yake na mimba yake huku mimi nafaidi godoro. Nikakubali lawama. Ilikuwa rahisi kuliko kumtia hofu.

Tulipokuwa tunarudi ndipo mama yako aliposema, "Ungeniambia, Kasmiri." Hilo tu, mpaka nyumbani.

Mgongo wamekubali. Mguu bado. Wanasema hakuna aliyewahi kunisikia nikiulalamikia, na bila mguu hakuna upasuaji. Wanataka maelezo ya maandishi ya mtu anayeishi nami. Mtu huyo ni mmoja. Sijui nianzie wapi kumwomba aeleze mguu ambao nimemficha miaka yote hii.

Baba yako,
Kasmiri

Nyakato, 12 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Anzia kwenye karatasi. Nimeziweka humu mbili, na kalamu. Mpe, mwambie wanataka nini, halafu toka nje.

Mwanao,
Matrida

Butiama, 30 Mei 2024

Mwanangu Matrida,

Natumaini hamjambo nyote. Samahani kwa kimya.

Nilimpa, nikatoka kama ulivyoagiza. Aliandika karatasi zote mbili bila kuinua kichwa, akagandisha bahasha kwa ugali, akaipeleka posta mwenyewe. Hakunionyesha, nami sikuthubutu kuuliza. Tangu hapo tumekuwa tukiongea habari za ng'ombe.

Leo uamuzi umefika. Mguu umekubaliwa. Upasuaji ni Mwanza, tarehe 24 Juni. Nakunakilia aya ya nne, maana sitaweza kukusomea kwenye simu:

"Bodi imeridhika na maelezo ya Bi. Jenoveva, mke wa mrufani, kwamba: 'Kila jioni mume wangu akitoka zizini husimama mlangoni. Ukimuuliza anasema anaangalia kama mvua itanyesha. Husimama hivyo hata kiangazi. Anasubiri mguu umrudie ndipo avuke kizingiti. Mimi huchelewesha chakula, nikasema hakijaiva, ili asione kwamba anasubiriwa.'"

Nimekaa hapa posta na karatasi hii mkononi. Miaka yote hii, mwanangu, nilikuwa nadhani mke wangu ni mzito wa kupika.

Baba yako,
Kasmiri